Kidole Gumba Changu na Gesi ya Palma

Ijumaa, 14 Juni 2013

Leo nimeijua kazi niliyoumbiwa. Nitaendesha mashine inayoshuka chini ya bahari kutafuta gesi.

Habari nimezipata kwa Bernardino, Mmakonde wa Mueda, mlinzi wa kambi ya wazungu wa gesi. Alikuja kuchaji simu kibandani kwangu. Akaniambia amewaona kwa macho yake waendesha mashine wawili, wamekaa kwenye viti, wanatazama televisheni kubwa, na mikononi wameshika pedi. Pedi! Nikamuuliza pedi za namna gani. Akasema zile zile za kwa Rafique, za kuchezea mpira wa televisheni. Nikamuuliza kama ana hakika. Akaapa kwa mama yake.

Palma nzima inahangaika. Kila mwenye chumba cha ziada amekipaka chokaa apate mgeni wa kupanga. Vijana wanakariri Kiingereza barabarani kama wendawazimu. Wengine wamekwenda Pemba kujifunza kuchomelea vyuma. Maskini. Kazi yenyewe ni kushika pedi, nami nimeshika pedi tangu Rafique afungue ukumbi wake nyuma ya soko.

Tena tarehe 25, sikukuu ya Uhuru, kuna mashindano ukumbini humo, na wahandisi wa kambi wamealikwa waje kutazama. Nitakuwa bingwa mbele yao. Watauliza, huyu nani? Wataambiwa, huyu Rajabo. Basi.

Vizuizi ni viwili tu. Kwanza Rafique mwenyewe, ambaye hajawahi kufungwa na mtu. Pili kidole gumba changu cha kulia. Kinauma.

Jumamosi, 15 Juni

Kinauma sana. Maumivu yanaanzia kwenye shina la gumba, yanapita ndani ya kiganja, yanashuka kwenye kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Asubuhi nilishindwa kufunga kifungo cha shati. Nikavaa fulana.

Dada Zainabo aliniona nimefunga kitambaa. Akauliza kuna nini. Nikamwambia nimeumia nilipokuwa nakuna nazi. Alicheka mpaka akaketi chini. Kumbe ni kweli, sijawahi kukuna nazi nyumbani humu tangu nizaliwe. Uongo haukuchaguliwa vizuri. Wakati mwingine nitasema nimeumia kwa kulala.

Nimetafuta chanzo. Naamini ni nguvu. Mimi nashika pedi kwa nguvu, kama mtu aliyemkamata mwizi sokoni. Mabega yanapanda mpaka masikioni, viwiko vinaning'inia hewani, na gumba linakandamiza kile kijiti cha juu ya pedi mpaka ukucha unakuwa mweupe. Huo ndio uanaume wa mchezo. Rafique anacheza kivivu. Anaegemea kiti, viwiko juu ya mapaja, vidole vimelegea kama mtu anayesubiri kuletewa chai. Halafu anakufunga mabao manne. Inaudhi.

Jambo lingine. Jioni Rafique alifika nyumbani kununua vitumbua vya dada. Hii mara ya tatu wiki hii. Mtu mwembamba vile, vitumbua vyote anavipeleka wapi? Alikaa barazani kipindi kirefu. Akauliza hali ya dada, akauliza hali ya kisima, halafu akaniuliza mkono wangu unaendeleaje.

Nimeelewa. Anapeleleza.

Jumapili, 16 Juni

Leo nimejaribu dawa. Nilichukua mafuta ya nazi, nikachemsha na karafuu, nikajipaka mkono wote hadi kiwiko. Joto zuri. Maumivu yalipungua kweli. Nikaenda ukumbini nikiwa nanukia kama pilau.

Nilicheza na Bernardino, ambaye Jumapili hutoka kanisani na kuja moja kwa moja kwa Rafique. Nilikuwa naongoza kwa bao moja. Nikaingia eneo la hatari, nikaminya kitufe cha kupiga kwa nguvu zangu zote, na pedi ikaruka. Iliponyoka mikononi kama samaki, ikapita juu ya kichwa cha Bernardino, ikatua ndani ya sufuria ya chai ya Rafique.

Ukumbi mzima ulisimama kucheka. Rafique aliitoa pedi kwenye chai kwa waya wake, akaitikisa, akaianika juu ya jenereta. Hakunikaripia. Alisema tu, kwa upole, kwamba mkono ukiwa mzima hauhitaji mafuta, na ukiwa mgonjwa hauhitaji mpira.

Upole huu una jambo. Mtu hawi mpole bure mbele ya mashindano.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda kituo cha afya. Kuna fundi wa viungo mpya, Natália, ametoka Nampula. Anasema Kireno cha haraka na Kiswahili cha taratibu. Nilimwambia naumwa kwa sababu ya kazi ya umeme. Akaniuliza umeme gani. Nikasema wa televisheni. Akatoa simu yake, akanipa nishike kama ninavyoshika kazini.

Nilishika. Akatazama. Akasema kwamba huo si umeme, huo ni mpira, hata mdogo wake Nampula anao ugonjwa huu huu.

Nusura nife kwa haya. Lakini alinieleza vizuri. Kwanza nilegeze. Pedi ikae yenyewe juu ya vidole vya kati na viganja, isibanwe. Gumba likae juu ya kijiti kidogo tu, lijikunje kidogo, lisinyooke kama mtu anayesukuma mlango. Kifundo cha mkono kiwe sawa na mkono, kisipinde juu wala chini. Viwiko vipate mahali pa kukaa, kwenye mapaja au kwenye mikono ya kiti. Mabega chini. Kila mechi ikiisha, weka pedi chini, nyoosha vidole, zungusha vifundo, tazama kitu cha mbali. Ikianza kuuma, acha. Usisubiri iume zaidi.

Kisha akasema kwa sasa nisiguse pedi kabisa mpaka maumivu yaishe.

Nilimwuliza yataisha kabla ya sikukuu ya Uhuru? Akasema, ya mwaka huu, hapana.

Nimerudi nyumbani nikitafakari. Mwanamke huyu amenipa silaha kubwa, naye hajui. Ninajua sasa namna sahihi ya kushika. Maana yake ninajua pia namna isiyo sahihi. Na Rafique haijui hata moja kati ya hizo, anashika kwa bahati tu.

Jumanne, 18 Juni

Mpango: kumharibu Rafique kwa ushauri.

Nilimkuta anafagia ukumbi. Nikamwambia nimeonana na mtaalamu wa viungo, mwenye cheti, na amesema namna yake Rafique ya kushika ni ya hatari mno. Nikamweleza kwa makini namna ya usalama: bana kwa nguvu, inua viwiko, nyoosha gumba, mabega juu, usipumzike katikati maana damu itapoa. Nilisema yote hayo bila kupepesa macho. Najisifu.

Alinishukuru. Alishukuru hasa! Akasema ni vizuri kumwona mtu anajali afya ya mwenzake, akauliza kama dada hajambo. Halafu akakaa, akajaribu. Alicheza mechi moja na mashine yenyewe, amejikunyata kama kuku wa mvua. Alifungwa. Moyo wangu ulicheza ngoma.

Akaweka pedi chini, akasugua mkono. Akasema mtaalamu asamehe, lakini yeye ameshazeeka na ushamba wake, ataendelea na namna yake. Kisha akaniona nami nasugua mkono, akanisogezea kiti chake mwenyewe, kile chenye mikono ya kuwekea viwiko, akasema kitanifaa zaidi.

Nilikikataa. Kinaweza kuwa kimelegezwa misumari.

Alhamisi, 20 Juni

Jambo zito.

Baada ya swala ya alasiri alifika Mzee Mussagy, ami yake Rafique, amevaa kanzu ya kijani na kofia mpya. Nilidhani anataka kuchaji simu. Akaniambia ana mazungumzo. Nikatandika mkeka. Akazunguka mbali: mvua za mwaka jana, mihogo ya kijiji cha Mute, magari ya gesi yanavyotimua vumbi. Nikaanza kusinzia. Ndipo akasema wamekuja kuomba. Wanamtaka Zainabo, kwa ajili ya Rafique.

Usingizi ukaruka.

Dada amenilea mimi. Mama alipofariki nilikuwa sijui hata kuvaa viatu. Aliolewa, mume akavuka Ruvuma kwenda Mtwara, akatuma talaka kwa mdomo wa mtu, na tangu siku ile dada hajataka kusikia habari ya mwanamume. Baba hayupo. Mwenye kumwoza ni mimi. Mimi, ambaye siwezi kufunga kifungo.

Nilimwambia Mzee Mussagy nitafikiri. Akasema afikiri kijana, afikiri kwa nafasi yake. Akaondoka.

Nikafikiri. Vitumbua! Maswali ya kisima! Kiti! Mtu huyu hakuwa anapeleleza namna yangu ya kushika pedi. Alikuwa anamtazama dada.

Au alikuwa anafanya yote mawili. Siwezi kupuuza hilo.

Nikamwuliza dada mwenyewe anaonaje. Alikuwa anakoroga unga. Hakuinua uso. Akasema Rafique ni mtu mwenye subira, na subira siku hizi haiko sokoni. Akakoroga zaidi ya ilivyohitajika. Dada yangu alikuwa anaona haya. Sijawahi kuliona jambo hilo.

Ijumaa, 21 Juni

Sikulala vizuri, kwa sababu ya mkono na kwa sababu ya wazo.

Wazo ni hili. Rafique anataka jambo kutoka kwangu. Mimi nataka jambo kutoka kwa Rafique. Watu wawili wenye akili hawashindwi kuelewana.

Nilimngoja nje ya msikiti baada ya Ijumaa. Sikumwambia waziwazi, mimi si mshenzi. Nilimwambia tu kwamba ndugu wa mwanamke huwa mwepesi wa kusema ndiyo moyo wake ukiwa na furaha, na kwamba mimi nitakuwa na furaha sana siku ya Jumanne jioni ikiwa mambo fulani yatakwenda namna fulani. Nikakohoa.

Rafique alinitazama. Alitazama viatu vyake. Akasema amesikia, akaenda zake, na jioni hakuja kununua vitumbua.

Amekubali! Nina kazi, nina kombe, na dada ana mume. Wote tumefaidika. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewahi kuliwaza.

Jumamosi, 22 Juni

Dada amejua.

Sijui nani kamwambia. Si Rafique, maana dada alisema Rafique amekataa kueleza kwa nini hakuja jana. Nadhani ni Bernardino. Nilimweleza Bernardino kidogo, kwa siri, ili anisifu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alizima moto, akafuta mikono, akaja kuketi mbele yangu kwenye ngazi.

"Mimi si goli, Rajabo," akasema. "Usinifunge wala usiniachie nifungwe. Ukimkubali, mkubali. Ukimkataa, mkatae kwa sababu yake. Lakini usinipeleke uwanjani."

Nilianza kueleza habari ya mashine ya chini ya bahari. Akaniacha nikiwa katikati ya sentensi, akajifunika mtandio, akatoka. Alikwenda mpaka kwa mke wa Mzee Mussagy, akaacha ujumbe umfikie Rafique: yeye dada akisikia Rafique ameachia hata bao moja kwa makusudi, asikanyage tena baraza lake.

Aliporudi hakunisemesha. Lakini chakula kilipoletwa, mkono ulikuwa umevimba siwezi kumega ugali. Nilijifanya sina njaa. Dada alinitazama, akavuta sahani, akanimegea matonge madogo madogo, akayapanga pembeni kama alivyokuwa akinifanyia zamani. Nikala yote.

Nilijisikia vibaya sana. Nadhani ni maharage.

Jumatatu, 24 Juni

Kesho ndiyo siku. Natália alikuja kuchaji simu, akaniona nimefunga mkono. Akaniuliza kama nimepumzika. Nikasema kabisa. Akanishika gumba, akalisogeza kuelekea kiganjani, nikaruka mpaka nikapiga kichwa kwenye bati. Akasema huko si kupumzika. Akasema nikicheza kesho mkono unaweza kujifunga, ubaki umejikunja. Akataka nimwambie ukweli, ni ushindi gani huo unaotaka mkono?

Nikamwambia kazi ya gesi.

Alifunga mkono wangu upya kwa kitambaa kipana, gumba likiwa limetulia, akasema basi angalau nishike kwa kulegea. Nikaahidi.

Nimeahidi kwa nia njema. Ila Natália hajawahi kucheza fainali.

Jumanne, 25 Juni

Nitaandika kwa mkono wa kushoto. Atakayesoma avumilie.

Asubuhi bendera, hotuba, watoto wa shule wakaimba. Baada ya adhuhuri watu wote wakahamia kwa Rafique. Wahandisi walikuja kweli, watatu, na Bernardino pembeni yao amevaa sare iliyopigwa pasi. Mmoja wao ni Ricardo, kutoka Beira, anayezungumza Kireno na anaelewa Kiswahili kidogo. Dada alikuwapo. Amekaa nyuma pamoja na mke wa Mzee Mussagy, kiti chao kinatazama televisheni moja kwa moja.

Mechi za kwanza nilishinda. Nilianza kwa kulegea, kama nilivyoahidi. Viwiko kwenye mapaja, mabega chini, gumba juu kidogo tu. Mchezo ulikuwa mtamu na haukuuma sana. Lakini nilipotazama nyuma nikaona wahandisi wanazungumza, hawanitazami. Nikajua sababu. Mtu aliyelegea haonekani kama anafanya kazi. Nikaanza kubana.

Fainali: mimi na Rafique. Alikuja akaketi, akanisalimu. Uso wake haukuwa wa mtu aliyenunuliwa. Alicheza kwa bidii ambayo sijaiona kwake. Akanifunga mapema. Nikarudisha. Ukumbi ulikuwa unatetemeka. Nikabana zaidi. Akanifunga tena. Nikarudisha tena! Nikamsikia Bernardino anawaambia wahandisi jina langu. Bado kidogo mechi iishe, nikapata mpira, nikakimbia pembeni, kipa wake akatoka, goli tupu, nikakandamiza.

Mkono ukafunga.

Sijui kueleza vingine. Vidole vyote vilijikunja kuzunguka pedi vikakataa kufunguka. Gumba lilikwama kwenye kijiti. Mchezaji wangu akawa anazunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kambani, na mpira miguuni. Maumivu yalipanda hadi shingoni. Nilijaribu kuachia, mkono hausikii. Watu wakaanza kucheka, kisha wakaona uso wangu, wakaacha.

Rafique angeweza kunyang'anya mpira akafunga. Goli langu lilikuwa wazi vile vile. Badala yake alisimamisha mchezo, akaweka pedi yake chini, akapiga magoti mbele yangu. Akaanza kuvifungua vidole vyangu kimoja kimoja, kuanzia cha mwisho, polepole, huku anazungumza nami kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Akanisugua kiganja. Akaagiza maji ya moto. Nikamnong'oneza kwamba anapoteza muda, aendelee na ushindi wake.

"Mpira unaweza kungoja," akasema. "Mkono huu una kazi nyingine."

Sikuelewa alimaanisha kazi gani. Nilidhani ya gesi.

Mkono ulipofunguka tuliendelea, kwa sababu niling'ang'ania. Nikapiga lile goli tupu kwa gumba lisilo na hisia. Mpira ukapaa. Rafique akaenda upande wa pili, akafunga. Mechi ikaisha. Sikumtazama dada.

Hata hivyo sikukata tamaa. Nilimfuata yule Ricardo wa Beira. Nikamwambia kwamba nimeshindwa kwa ugonjwa, lakini wameniona, na niko tayari kuendesha mashine ya chini ya bahari mkono ukipona. Hakunielewa. Nikamwita Bernardino aeleze. Bernardino akaeleza alivyowaona wale wawili, viti, televisheni kubwa, pedi.

Ricardo akamwuliza alikuwa amesimama wapi. Bernardino akasema mlangoni, nyuma yao. Akamwuliza ni hema lipi. Bernardino akasema lile lililo karibu na jiko.

Ricardo akageuka akawaambia wenzake kwa Kiingereza. Wakacheka mpaka mmoja akavua miwani. Kisha akaniambia taratibu, naye alikuwa mtu mwema, hakutaka kuniaibisha:

"Rafiki, lile ni hema la mapumziko. Walikuwa wanacheza mpira."

Jumatano, 26 Juni

Mkono umefungwa kwenye ubao mdogo. Natália amenikataza pedi mpaka atakaponiruhusu yeye mwenyewe. Hakunigombeza. Alisema tu ameshaandika Nampula kumsimulia mdogo wake, ili naye aogope.

Bernardino alikuja kuomba radhi. Akasema kutoka mlangoni televisheni haikuonekana vizuri, aliona rangi ya kijani, akadhani ni bahari.

Jioni nilitembea peke yangu hadi kwa Mzee Mussagy. Njiani nilitayarisha maneno mengi mazuri, ya kiume. Nilipofika nikasahau yote. Nikasema tu ndiyo. Akauliza ndiyo gani. Nikasema Rafique, dada, ndiyo. Mzee akaniombea dua ndefu. Rafique alikuwa ndani, nilimwona kivuli chake nyuma ya pazia, kimesimama bila kutikisika.

Niliporudi nikamwambia dada. Alikuwa amenipa mgongo, anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta. Kisha akaweka ungo chini, akaja akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, yenye vumbi la mchele, akanitikisa kidogo. Basi. Akarudi kwenye ungo.

Nilikaa barazani mpaka magharibi. Macho yalikuwa yananiwasha. Vumbi la mchele ni baya.

Ijumaa, 5 Julai

Tumemwoza dada leo, kabla Ramadhani haijaingia. Harusi ndogo, ya watu wa karibu. Bernardino alialikwa, akaja na kuku wawili hai. Natália alivaa kanga aliyopewa na dada, akala vitumbua mpaka akaomba kufundishwa kuvipika.

Msikitini shehe alinikalisha mbele ya Rafique, magoti yakigusana. Akasema nimpe mkono wa kulia. Mkono wa kulia! Ubao niliutoa asubuhi kwa heshima ya siku, na kiganja bado kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga. Niliunyoosha huku nimefumba jicho moja. Nilijua mabwana harusi wanavyobana kwa hofu.

Rafique hakubana. Aliupokea mkono wangu kwenye viganja vyake kama anavyoshika pedi. Vidole vyake chini, vimetulia. Gumba lake juu ya gumba langu, bila uzito wowote. Nilitamka maneno ya kumwoza dada yangu kwa sauti, bila kukosea hata neno, na mkono haukuuma. Alipojibu amekubali, sauti yake ndiyo iliyotetemeka, si mkono.

Ndipo nilipoelewa mkono wangu ulikuwa na kazi gani.

Nje akina mama wakapiga vigelegele. Nilimwita shemeji kwa mara ya kwanza. Alicheka, akasema kesho kiti chenye mikono kitaletwa nyumbani, ni changu.

Jumapili, 7 Julai

Nyumba iko kimya. Dada amehamia kwa mumewe, hatua chache tu kutoka hapa, lakini ni kimya. Nilikaa kwenye kiti nikafikiri juu ya mambo yote yaliyotokea. Ni vizuri mtu kujikagua.

Asubuhi walikuja vijana kutoka Mute. Wamefungua ukumbi wao wa televisheni kando ya barabara kuu, wana pedi mpya, na hawana anayejua kucheza. Wamesikia Palma kuna mtu alifika fainali mbele ya wahandisi, mkono mmoja ukiwa mgonjwa. Wanataka mwalimu. Mwalimu! Nimewaambia nitakwenda kesho kutwa. Natália hajaniruhusu kushika pedi, lakini hakunikataza kufundisha.

Nimepanga masomo yote kichwani. Kwa kuwa mimi ni mkweli, nitawaambia pia kwa nini nilishindwa. Nimelichunguza jambo hilo kwa siku nyingi, na kosa langu lilikuwa moja tu. Mwanzoni mwa mashindano nilisikiliza watu, nikalegeza. Mkono ukapoteza mazoea. Ulipokuja kubana ukashtuka.

Vijana wa Mute hawatafanya kosa hilo. Somo la kwanza: viwiko juu, gumba limenyooka, na pedi ibanwe mpaka kucha ziwe nyeupe.